Mkono wa Baba katika Nchi ya Afadhali

Yaliyomkuta Mwalimu Namsifu Mshana katika nchi ya Afadhali ni haya, na atakayeyaona ya ajabu na aangalie kwanza ya kwao kabla hajacheka.

Namsifu alikuwa mwalimu wa sheria ya kazi. Kazi yake ilikuwa kuweka sheria za nchi mbili au tatu ubavu kwa ubavu na kuzisoma pamoja: huku anayefukuzwa kazi anasikilizwa na nani, kule na nani, huku mama mwenye kichanga anapewa nini, kule nini. Wenzake wa sheria za ardhi na za jinai walimwona kama mtu anayezunguka kuchungulia vyungu vya majirani na huku nyumbani kwake hakupikwi. Basi mwaliko ulipomjia kutoka nchi ambako kulinganisha sheria za kazi ndiyo elimu kubwa kuliko zote, na walimu wake hupishwa njia barabarani, hakuhitaji kubembelezwa. Alikwenda.

Afadhali ni nchi ya vioo. Vioo vya madirisha, vya taa, vya chupa za dawa, vyote hutoka katika matanuru yake, na moshi wa matanuru hayo ndio kitu cha kwanza mgeni anachokiona. Cha pili ni salamu. Watu wa huko hawaulizani hali. Mmoja husema, "Afadhali?" na mwenzake hujibu, "Afadhali," kisha kila mtu hushika njia yake. Juu ya mlango wa kila ofisi imechongwa methali ambayo hata Namsifu aliijua tangu utoto: heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Nafuu, Mlinganishi Mkuu wa nchi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuhani misiba. Siku ya kwanza tu alimpeleka katika Ukumbi wa Mlinganisho, ambako malalamiko yote ya kazi huamuliwa.

"Hapa kwetu, Mwalimu," alimweleza wakiwa wanapanda ngazi, "hakuna mfanyakazi anayeambiwa kwamba anadanganya. Mtu akisema ana shida, tunamwamini papo hapo. Kisha tunaitafutia shida yake kubwa yake, yaani shida ya mtu mwingine inayoizidi."

"Mkiipata?"

"Basi inakuwa ndogo. Na shida ndogo haina haja ya sheria."

Siku hiyo alisimamishwa mtu mmoja mfua nguo. Alilalamika kwamba tajiri wake humfungia ndani kwa kufuli zamu nzima, na funguo huondoka nazo. Mlinganishi wa zamu alifunua kitabu, akasoma habari za nchi fulani ambako mafundi cherehani walifungiwa hivyo hivyo na jengo likashika moto. Alisoma taratibu, wala hakuna aliyekohoa. Alipomaliza alimtazama mfua nguo.

"Lenu limewahi kuungua?"

"Halijaungua, mheshimiwa."

"Basi afadhali wewe."

Mfua nguo aliinamisha kichwa, akasema kama inavyotakiwa, "Ahsanteni kwa kunilinganisha," akarudi kufungiwa.

Namsifu aliuliza kama kufuli lile halingeweza kuondolewa kabla ya moto badala ya baada yake. Bwana Nafuu alimjibu kwa upole kwamba swali hilo ni zuri, lakini si la mlinganisho.

Katika siku zilizofuata alijifunza mengi. Alijifunza kwamba kutazama nchi yenye hali mbaya zaidi huitwa kulinganisha, nako ni elimu. Na kwamba kutazama nchi yenye hali njema zaidi huitwa kuchungulia, nako ni kosa. Katika maktaba ya chuo, vitabu vya sheria vya dunia nzima vilikuwapo, ila kurasa zilizoeleza haki ambazo Afadhali haina zilikuwa zimegandishwa kwa uji wa muhogo, mbili mbili, kwa ustadi mkubwa. Ukumbini, chini walikokaa wafanyakazi, madirisha yalikuwa upande mmoja tu, nayo yalitazama bondeni. Wenye viwanda waliketi roshani, na madirisha yao yalitazama mlimani, maana ilionekana kwamba mwenye kiwanda asipomwona aliyemzidi hupoteza bidii.

Alikuta pia wasomi wa Ukumbi wamo katika mjadala mkali. Ilitokea mara moja moja kwamba kwa shida fulani hakupatikana binadamu popote mwenye kubwa yake. Kundi moja lilisema hapo aletwe punda, kwa kuwa naye hubeba, hupigwa na hana likizo. Kundi la pili lilipinga kwamba punda hajawahi kuleta lalamiko, na asiyelalamika haijulikani kama ana shida. Mjadala ulipigiwa kura. Punda alikubaliwa, nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, alikataliwa, kwa sababu asili yake ina utata.

Hayo yote Namsifu aliyaandika bila neno, maana mgeni hushika kasia la mwenyeji wake mpaka ajue mto unakwenda wapi. Kisha akaanza kufundisha.

Wanafunzi wake walikuwa hodari wa kukariri. Ukimtaja mchimba chumvi wa nchi hii au mvuna pamba wa nchi ile, mwanafunzi angekueleza mateso yake yote bila kukosea. Lakini hakuna aliyejua watu hao walifanya nini baadaye. Masimulizi yao yote yaliishia pale mtu anapoumia.

Namsifu akaona awape mfano anaoujua tangu mwanzo mpaka mwisho. Akawasimulia habari za baba yake, Mzee Elinaja, aliyekuwa akilisha majani ya mkonge katika korona, ile mashine ya kukamua nyuzi. Akawaeleza jinsi korona ilivyokuwa na mdomo wazi, na jinsi siku moja ilivyomvuta baba yake pamoja na majani ikachukua mkono wake wa kuume hadi kwenye kiwiko. Akawaeleza jinsi nyapara alivyomwaga ndoo ya maji juu ya mashine, akamwita mtu mwingine asimame pale pale, kazi ikaendelea. Wakati huo Namsifu alikuwa na umri wa kutumwa dukani. Alimwona baba yake akiletwa nyumbani katika toroli ya kubebea mkonge.

Alikuwa bado hajafika katikati ya habari yake Bwana Nafuu alipoinuka kutoka kiti cha nyuma. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Inatosha, Mwalimu," alisema. "Usijiumize zaidi. Umetupa kitu kikubwa."

"Sijamaliza, Bwana Nafuu."

"Tumeelewa. Wanafunzi, mnaweza kwenda."

Namsifu alidhani amehurumiwa. Akajiambia atamalizia kipindi kijacho.

Kabla kipindi kijacho hakijafika, mwanamke mmoja alibisha hodi kwenye nyumba aliyopewa. Alikuwa na kilemba cha kijivu na mashavu yaliyobabuka kwa joto, na alipoingia aligeuza kichwa kidogo upande, kama mtu anayesikiliza, ili amwone Namsifu kwa jicho la kushoto. La kulia lilikuwa limefunga utando mweupe.

"Naitwa Sihaba," alisema. "Napuliza vioo tanuru la tatu. Wewe ndiye Mwalimu Namsifu?"

"Ndiye. Karibu, Bi Sihaba, kaa."

Sihaba alikaa. Alieleza kwamba wapuliza vioo wa matanuru yote wamepeleka lalamiko Ukumbini. Mwanga wa kioo kilichoyeyuka unawala macho. Mama zao na baba zao wamekwisha kuwa vipofu kabla mvi hazijatoka. Wanaomba mawili: miwani nyeusi ya kuvaa mbele ya tanuru, na zamu fupi zaidi kwenye mdomo wake. Nchi inayouza vioo duniani kote, alisema, haijakosa vioo vya miwani.

"Lalamiko letu limekaa muda mrefu, Mwalimu, kwa sababu walikosa wa kutulinganisha naye. Macho ya watu ni kitu kigumu kukipatia kubwa yake. Juzi tukaambiwa amepatikana. Jina limebandikwa mlangoni pa Ukumbi: Mkono wa Shamba la Mkonge." Alimgeuzia jicho la kushoto. "Watu wakasema ni wa baba yako."

Namsifu alivuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Sikuja kukuomba kitu," Sihaba aliendelea. "Nimekuja kumwona mtoto wa mkono huo. Nakupa pole ya baba yako, kutoka moyoni. Ila ujue kwamba mkono wake wameuchukua, wameuweka juu ya jicho langu."

Alipoondoka, Namsifu alikaa palepale alipokaa. Miaka yote alikuwa akiisimulia habari ile kwa fahari. Aliwaza jinsi baba yake, aliyejifunza kupalilia, kunyoa ndevu na kubeba wajukuu kwa mkono mmoja, alivyogeuzwa kuwa kifuniko cha kunyamazishia watu asiowajua, na yeye binti yake ndiye aliyekabidhi kifuniko hicho. Huzuni ilimjia kwanza. Hasira ilichelewa, lakini ilipofika ilikaa.

Siku mbili kabla ya shauri, Bwana Nafuu alimwalika kwake kwa chakula. Alimpakulia mwenyewe wali na mchuzi wa kuku, akasubiri mgeni wake ale kidogo.

"Utaitwa uthibitishe," alisema. "Neno moja tu: kweli. Baada ya hapo kiti cha mlinganisho chuoni ni chako maisha yako yote. Hatujawahi kumpa mgeni kiti hicho."

"Na wapuliza vioo?"

"Watatulia. Mwalimu, mimi si mtu mbaya. Mama yangu alipuliza vioo akapofuka. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimsomea habari za watu wasio na macho wala mtoto wa kuwasomea, naye alikuwa akitulia. Maumivu ya mtu yakimtuliza mwingine, si ni sadaka hiyo?"

"Mama yako aliwahi kuomba miwani?"

Bwana Nafuu alikoroga mchuzi wake. "Aliomba," alisema hatimaye. "Wakati huo alilinganishwa na mtu wa mgodini."

"Na huyo wa mgodini alilinganishwa na nani?"

"Sijui. Kitabu hakisemi."

"Nitakuja Ukumbini," Namsifu alisema, akanawa mikono.

Siku ya shauri Ukumbi ulijaa. Wapuliza vioo walikaa upande wa bondeni, wengi wameinamisha vichwa upande mmoja kama Sihaba. Roshani wenye viwanda walikuwa wakizungumza habari za mlimani. Bwana Nafuu aliusoma ule mkono tangu mwanzo, ndoo ya maji, toroli na yote. Alisoma vizuri, na watu wa bondeni wengine walilia. Kisha akageuka.

"Shahidi, mwana wa mkono huu. Haya ni kweli?"

"Ni kweli," Namsifu alisema. "Na ni nusu."

Mlinganishi mmoja alitaka kumkatiza, lakini Namsifu alikuwa mwalimu, na mwalimu anajua kusema bila kupaza sauti mpaka wengine wanyamaze.

"Baba yangu alipoumia, wenzake walikwenda kwa meneja kuomba korona iwekewe kinga. Meneja akawaambia afadhali ninyi. Shamba la jirani manamba wanalala katika vibanda vya makuti, ninyi mna nyumba za matofali. Wakarudi kambini. Kwa hiyo neno hili la kwenu nililijua kabla sijawajua ninyi. Ila watu wale hawakusema ahsante. Waliwatuma watatu waende huko kwa jirani wakajionee. Wakakuta vibanda ni vya makuti kweli. Na wakakuta korona ya huko ina kinga ya chuma mdomoni, imekaa miaka, na watu wote wana mikono miwili."

Upande wa bondeni watu waliinua vichwa.

"Waliporudi waliacha mkonge ukaoza shambani. Mama yangu na akina mama wenzake walikaa njiani toroli zisipite. Kinga ikawekwa. Na wale wa makuti, waliposikia kwetu kuna nyumba za matofali, nao wakadai zao. Hiyo ndiyo kazi ya kulinganisha. Niliijua kwa wazazi wangu kabla sijajua kwamba inasomewa. Mtu anakwenda kwa jirani aone jirani ana nini, amsimulie naye alicho nacho, wote wawili wasidanganywe tena. Ninyi mmechukua mkono wa baba yangu mkaukata mara ya pili, pale ulipoanza kunyoosheka."

"Shahidi anachungulia," alisema mlinganishi mmoja.

"Nchi yangu mmeiandika iko wapi? Juu au chini?"

"Chini," Bwana Nafuu alijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

"Basi sichungulii. Natazama bondeni kama sheria inavyosema. Na huko bondeni, katika karakana za mitaani kwetu, fundi wa kuchomelea vyuma anavaa miwani nyeusi. Akiivua, wenzake humkaripia. Hao ndio watu wa chini yenu."

Hapo Walinganishi wakakusanya vichwa. Mmoja alishauri kwamba nchi ya shahidi itangazwe kuwa iko juu kuanzia asubuhi ile, ili maneno yake yawe kosa. Wakakubaliana haraka, na mwandishi alikwisha kuchovya kalamu, mwingine alipokumbuka kwamba nchi ikiwa juu, mkono wake hauwezi tena kutumika kama mfano wa chini, na lalamiko la macho litabaki bila mlinganisho. Wakauliza kama nchi inaweza kuwa juu kwa miwani na chini kwa mkono. Mzee wao akasema ikikubaliwa hivyo kwa nchi moja itabidi ikubaliwe kwa zote, na hapo Ukumbi hautakuwa na kazi. Mwingine akamtaja punda.

Bwana Nafuu alikuwa akimtazama Namsifu kama mtu aliyesomewa ukurasa ambao ulikuwa umegandishwa. Kisha akatangaza kwamba shauri limeahirishwa mpaka apatikane mtu mwingine mwenye shida kubwa zaidi.

Sihaba alisimama. "Mtafuteni," alisema. "Sisi tutawangojea tumekaa."

Wakatoka. Wakaenda kwenye matanuru yao, wakayapa mgongo, wakakaa chini. Tanuru la kioo likiachwa bila mtu hupoa, na likipoa kioo hugandia ndani yake na kuta zake hupasuka; kila mtu wa nchi ile alilijua hilo, hasa wale wa roshani. Ukumbi uliwatuma wasomaji wake bora wakawasomee waliokaa habari za wachimba dhahabu waliofukiwa na wavuvi waliouzwa. Waliokaa walisikiliza kwa heshima. Walimpa pole kila mtu aliyesomwa, kwa jina kama lilitajwa, wala hawakuinuka. Wazee wa Ukumbi walisema hawajapata kuona adabu ya namna hiyo ikitumika vibaya kiasi hicho.

Tanuru la kwanza lilipotoa mlio wa kupasuka, miwani ilipatikana. Ilitoka katika ghala la wenye viwanda wenyewe. Kumbe ilikuwa ikitengenezwa humo humo kwa ajili ya kuuzwa nje. Ilitangazwa kuwa ni zawadi, na kwamba haikutolewa kwa sababu ya dai lolote. Zamu fupi hazikutolewa. Sihaba alivaa miwani yake, akasema jicho la kulia halitarudi, na kuhusu zamu watakaa tena.

Chuo kilimfungia Namsifu mlango wa darasa. Yeye akaenda kufundishia uani kwenye tanuru la tatu, wapuliza vioo wakiwa wametoka zamu, na wanafunzi wake wakamfuata mmoja mmoja, kwanza kwa kujificha, kisha hadharani. Kila mmoja alitakiwa aje na jambo moja jema na moja baya la kila nchi aliyoitaja, la sivyo arudi akasome.

Hapo ndipo Bwana Nafuu alipomkuta. Alikuwa amebeba amri ya kumwondoa nchini, nayo ilikuwa na nafasi wazi ya kujazwa sababu. Alisubiri pembeni mpaka Namsifu aliponyamaza.

"Nataka nikusaidie," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaandika kwamba umekwenda kwa hiari yako."

"Siendi kwa hiari."

"Kuna walimu katika nchi nyingine, Mwalimu, ambao hawakufukuzwa. Walifungwa. Mmoja—"

"Nampa pole," Namsifu alisema. "Ukijua jina lake niambie, nimtafute. Lakini hapo andika nimefukuzwa."

"Hiari ingekuwa afadhali kwako."

"Andika nimefukuzwa, Bwana Nafuu. Na uandike kwa nini."

Watu wote uani walikuwa wakimtazama Mlinganishi Mkuu, wengine kwa macho mawili, wengine kwa moja. Alikaa kwenye benchi karibu na Sihaba, ambaye alisogea kumpisha. Akaiweka amri juu ya goti, akaandika polepole, kama mtu anayeandika kwa mara ya kwanza jambo lisilo na mfano wake. Kisha akamkabidhi.

Namsifu alisoma. Iliandikwa kwamba amefukuzwa kwa sababu aliisimulia habari ya mkono mpaka mwisho. Maneno yalikuwa sawa. Akaikunja amri, akaitia mfukoni, akawageukia wanafunzi akawauliza walikuwa wamefika wapi.